Kiambato Kisichofanya Kitu

1

Wanga wa mahindi uliisha katika mwaka wa pili wa majivu, asubuhi ambayo foleni ya vidonge ilikuwa imeshafika kwenye ukuta wa nyuma wa zahanati. Yusta Msengi aliliinamisha pipa, akakwangua chini kwa kijiko cha bati, akapata kiasi kisichotosha hata kubandikia bahasha.

"Umeisha?" aliuliza Sista Konsesa, muuguzi, akichungulia mlangoni.

"Umeisha kabisa. Vitamini ninazo, chuma ninacho, zinki ninayo. Nilichokosa ni cha kuvishikizia."

"Si uwape hivyo hivyo kama unga, walambe?"

"Unga ukipigwa na hewa siku chache tu unaharibika. Halafu ni mchungu kama shubiri. Ukimpa mtu leo, kesho humwoni."

Konsesa akarudi kuwatuliza watu waliokuwa wameanza kusukumana. Yusta akabaki na pipa lake tupu. Hapo Ilunda, mji mdogo juu ya nyanda za Singida, kidonge hicho ndicho kilichozuia meno ya watu yasing'oke na miguu ya watoto isipinde. Chakula chenyewe kilitoka kwenye matangi. Humo kuvu ililishwa mabua na maganda ya miti, ikavunwa, ikapikwa uji wa kijivu. Uji ulileta nguvu, basi. Mengine yote ambayo zamani watu waliyapata kwenye mchicha, kwenye maziwa na kwenye jua la mchana, yalibanwa ndani ya kidonge kimoja chenye ukubwa wa punje ya harage. Jua lilikuwa limegeuka duara la rangi ya chai, linapita nyuma ya majivu yaliyotapikwa na milima ya moto ya mbali, na wataalamu wa anga walikuwa wameonya kwamba mbingu haitasafika upesi.

Mchana huo Yusta alikwenda kwenye matangi. Filimoni Mpinga, msimamizi wa matangi hayo, alikuwa amesimama juu ya ngazi akiengua utando mzito uliotanda juu ya kuvu, akiutupa kwenye karai.

"Huo unaupeleka wapi, Filimoni?"

"Shimoni. Ukiuacha unaziba hewa."

Yusta aliuchota kwa vidole viwili. Ulikuwa safi kama ute wa yai, na alipotaka kuupangusa ulikataa kutoka. Akaomba karai zima.

Aliukausha, akausaga, akauchanganya na vitamini, akabana. Vidonge vilitoka vigumu, laini, bila kumeguka. Alivimeza yeye mwenyewe kwanza kwa wiki kadhaa, na alipoona tumbo halimuumi wala ngozi haimwashi, aliwagawia watu. Kwenye kila kisanduku alibandika lebo kama alivyofundishwa chuoni zamani za mwanga: juu viambato tendaji, yaani vile vinavyofanya kazi mwilini, na chini viambato visivyo tendaji, vile vinavyoshikiza tu, vinavyojaza tu, vinavyotia rangi tu. Huko chini, mahali pa wanga, aliandika gundi ya utando.

Mabadiliko yalikuja taratibu, na kwa kuwa yalikuwa mazuri hakuna aliyeyauliza jina. Kabla ya hapo bwalo la chakula lilikuwa mahali pa kuogopwa. Sehemu ya kila mtu ilitosha kumweka hai ila haikumshibisha hata mara moja, na njaa isiyokwisha iliwafanya majirani watazamane mabakuli. Kabla wanga haujaisha, kundi la watu lilijaribu kuvunja ghala la mbegu, na Gasto, mdogo wake Filimoni, alipigwa nondo mlangoni akafa. Sasa watu waliingia bwaloni wakasalimiana, wakala, wakatoka. Wazee walianza tena kupiga soga. Adria, binti yake Yusta wa miaka sita, aliacha kutafuna kola ya gauni lake.

Yusta aliona kwanza kwa binti yake, kisha akajiona na yeye. Alijitoa damu, akaipima kwa mashine ya zahanati, akarudia kupima. Tumbo likiwa tupu hupeleka ujumbe kwenye ubongo kudai chakula. Katika damu yake ujumbe huo haukuwepo. Tumbo lilikuwa tupu, nalo limekaa kimya kama lililoshiba pilau.

Mwenyekiti wa kamati ya mji, Bernardo Gwau, alikuja chumba cha vidonge bila kuitwa. Alikuwa mtu mrefu aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya majivu, na bado alikuwa na ile tabia ya kusimama akitazama dirishani wakati anaongea na mtu.

"Mama Adria, kuna kitu umekitia kwenye vidonge."

"Nimebadilisha gundi tu, Mwenyekiti. Ila nimegundua gundi yenyewe inazima njaa."

"Ina madhara?"

"Sijayaona."

"Umeiandika kwenye orodha ipi?"

"Ya chini. Ya visivyofanya kitu. Lakini sasa najua kinafanya, na kanuni inasema nikipandishe juu. Kikipanda juu, lazima tuwatangazie watu, na tusitishe ugawaji mpaka kipimwe vizuri."

Gwau aligeuka kutoka dirishani. "Tusitishe, ili warudi kwenye nondo?"

Yusta alimfikiria Adria, ambaye asubuhi ile alitoka nyumbani akiimba.

"Iache huko huko chini," alisema Gwau kwa upole. "Mungu ametuonea huruma kupitia mikono yako, wewe unataka kuirudisha?"

Naye akaiacha. Ukweli ni kwamba aliiacha kwa furaha.

2

Mvua ya majivu ilipita, baridi ikapita, ikaja nyingine. Asubuhi moja Sista Konsesa alimtuma mtu kumwita Yusta haraka.

Leokadia, mke wa Filimoni, alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Kwenye meza alilazwa mwanawe Nashoni, amefungwa kanga, uso mdogo umefunuliwa. Alikuwa hajatimiza hata nusu mwaka. Alikuwa amekufa.

"Hana homa, hakuharisha, hakukohoa," alinong'ona Konsesa. "Nimemtazama kila mahali. Mpime uzito tu, utaona."

Yusta alimnyanyua. Mikono yake ilikuwa imejiandaa kubeba mtoto, ikapanda juu kwa kasi kuliko ilivyotakiwa, maana hakukuwa na uzito wa kuizuia.

"Leokadia, mdogo wangu," alisema, "alikuwa ananyonya?"

"Alinyonya." Sauti ya Leokadia ilikuwa kavu na ya wazi. "Nikimpa, ananyonya kidogo, anaachia, analala. Alikuwa mtulivu sana, dada Yusta. Watu wote walinisifu kwa utulivu wake. Hakunisumbua. Hakulia."

"Hakulia kabisa?"

"Akilowa analia. Akichomwa sindano alilia. Ila kudai ziwa, hapana. Hajawahi." Aliitazama mikono yake. "Na maziwa yenyewe yakawa yanapungua. Nikasema labda ndivyo anavyotosheka."

Watoto wachanga hawakupewa vidonge. Yusta alilijua hilo, maana yeye ndiye aliyeweka katazo. Alisimama akiwa amemshika Nashoni, na taratibu, kama mtu anayesoma barua asiyotaka kuimaliza, akaliona jambo lote. Mama anameza kidonge. Gundi inaingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu inaingia kwenye maziwa. Mtoto ananyonya kidogo, na maziwa hayo hayo yanamwambia ameshiba. Halii. Mama hamsikii, hampi ziwa. Ziwa lisilonyonywa linakauka.

Alimlaza Nashoni taratibu, akamfunika.

Nje, alimshika Konsesa mkono. "Kinamama wote wanaonyonyesha, waite leo hii. Wanyonyeshe kwa saa, mtoto atake asitake. Na wasiguse kidonge."

"Niwaambie kwa nini?"

"Waambie nimeagiza mimi."

Konsesa alikuwa muuguzi wa siku nyingi, hakuhitaji kuelezwa mambo mara mbili. Akaondoka bila kuaga. Kabla ya jioni, Yusta alikuwa amepima maziwa ya kinamama wale mmoja mmoja, na katika kila tone aliikuta gundi yake.

3

Yeye mwenyewe aliacha kumeza. Siku za mwanzo hakuona tofauti. Kisha, alipokuwa anapima zinki kwenye mizani, njaa ikamrudia. Ilianza kama kidole kinachogonga chini ya mbavu, kwa adabu, kama mgeni asiye na hakika ya nyumba. Saa moja baadaye hakikuwa kidole tena. Mate yalimjaa, vidole vikamtetemeka, kichwa kikawa chepesi, na kila kitu alichokitazama alikitazama kwanza kujua kama kinalika. Aliona aibu. Halafu alishangaa kwamba chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kama nafuu, mithili ya mtu aliyelalia mkono wake mpaka ukafa ganzi, sasa damu inarudi na inauma.

Bwaloni alikula uji wake wote akapitisha kidole kwenye bakuli. Aliponyanyua macho, alikuwa peke yake katika kufanya hivyo. Meza nzima ilikuwa na mabakuli yaliyobaki nusu. Watu walikuwa wanaongea, wanacheka, wanayasukuma pembeni.

"Malizia," alimwambia Adria.

"Nimeshiba, mama."

"Malizia hivyo hivyo."

Adria alichukua kijiko kwa utiifu. Mkono wa gauni ukavutika, na Yusta akauona mkono wa mwanawe kana kwamba hajawahi kuuona. Kiwiko kilikuwa kinene kuliko sehemu ya juu yake. Mtoto huyu alikuwa analala kitanda kimoja naye. Kila siku alimvisha, kila siku alimkumbatia, na macho yake yalikuwa yameshiba kama tumbo lake.

Akatazama kotekote. Shingo, mashavu, vifundo vya mikono. Wazee waliokuwa wanapiga soga walikuwa wamebaki ngozi na meno. Hapakuwa na hata mmoja anayelalamika.

Alikwenda kwenye dirisha la jiko. "Upawa wenu huu ni ule ule?"

Mpishi alimwonyesha. Ulikuwa mdogo. "Tumepewa huu tangu kipupwe. Uji ulikuwa unarudi mwingi, tunamwaga. Kamati ikasema tupunguze. Halafu ukawa bado unarudi, wakapunguza tena."

"Na watu walisemaje?"

"Wangesema nini? Hakuna aliyegundua."

4

Yusta alimkuta Gwau ghalani. Humo mlikuwa na mtama na uwele, magunia yaliyopangwa hadi darini, mbegu zilizohifadhiwa kwa ajili ya siku ambayo anga litafunguka. Alikuwa amepiga magoti, amezamisha mikono hadi viwikoni kwenye gunia, anageuza uwele usije ukavunda. Mabega yake yalikuwa yamechongoka ndani ya shati.

"Mwenyekiti, gundi inaua."

"Nimesikia habari ya mtoto wa Filimoni." Hakuacha kugeuza. "Imenikata maini. Waondolee kinamama wanaonyonyesha."

"Nimeshawaondolea. Na wengine?"

"Wengine ni watu wazima, wanakula wenyewe."

"Hawali. Mnapunguza upawa kwa sababu uji unarudi, na uji unarudi kwa sababu hawasikii njaa. Miili yao ina njaa, Mwenyekiti. Wao ndio hawana habari. Jitazame hata wewe. Mara ya mwisho kufunga mkanda wako kwenye tundu lake la zamani ni lini?"

Gwau alitoa mikono kwenye gunia, akaipangusa polepole.

"Hapo uliposimama," alisema, "ndipo alipoangukia Gasto. Nilimfumba macho mimi. Aliyempiga nilimfundisha kusoma, nilimfundisha hesabu, kijana mwenye aibu asiyeweza kunyoosha mkono darasani. Njaa ndiyo iliyomtoa utu. Mbegu hizi zikiliwa, siku jua likirudi tutapanda nini? Majivu?"

"Silijui jibu la hilo."

"Basi ondoa gundi kimyakimya. Kidogo kidogo, wasigutuke. Mimi nitaongeza upawa."

Yusta alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Ingekuwa rahisi. Wiki hii angepunguza kidogo, wiki ijayo kidogo tena, watu wakaanza kusikia njaa wakadhani ni baridi. Hakuna ambaye angejua kwamba chumba cha vidonge kiliwahi kuwa na la kuficha. Hata Leokadia angeweza kuishi na kuzeeka akidhani mwanawe alizaliwa dhaifu.

"Nikiiondoa kimya," alisema, "nitakuwa nimewaamulia mara ya pili."

"Na ukiwaambia, utawavua heshima ndogo waliyobaki nayo. Watakumbuka kwamba wana njaa. Mtu mwenye njaa ile si mtu, Mama Adria. Niliwaona kwa macho yangu."

"Na Nashoni aliyekufa bila kulia, yeye alikuwa nani?"

Gwau alikaa juu ya gunia. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya kiti chake cha uenyekiti.

"Nakukataza."

"Nimesikia, Mwenyekiti," alisema Yusta, akatoka.

5

Kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, alikwenda kwa Leokadia.

Waombolezaji walikuwa wameshatawanyika. Filimoni alikuwa anatengeneza mguu wa kiti ambao haukuwa umevunjika. Leokadia alimkaribisha, akamwekea kigoda, akakaa mkekani. Yusta alikiacha kigoda akakaa chini naye.

Aliwaeleza yote, tangu pipa la wanga. Hakutumia maneno ya chuoni. Alisema utando ule ule ambao Filimoni alikuwa anauengua ndio alioufanya gundi, kwamba gundi inazima njaa, kwamba inapita kwenye maziwa, kwamba Nashoni hakuwa mtulivu. Nashoni alikuwa na njaa na hakuna aliyeweza kumsikia, hata yeye mwenyewe.

Filimoni aliweka nyundo chini. Alisimama, akamjia, na Yusta akangoja kupigwa bila kuinua mkono. Lakini Filimoni alimpita, akatoka nje, na wakamsikia akitapika ukutani.

"Ulijua?" aliuliza Leokadia.

"Nilijua inazima njaa. Sikujua kwamba inapita kwenye maziwa."

"Uliuliza kama inapita?"

"Hapana. Ningeweza kupima. Vifaa vilikuwepo. Kila kitu kilikuwa kizuri, Leokadia, nikaona nisikichokoze."

Leokadia alitikisa kichwa polepole. Alikuwa anashika upindo wa kanga yake, anaukunja, anaukunjua.

"Mimi nilijisifu," alisema. "Jirani wakija nawaambia, mwanangu si kama watoto wengine. Nilijisifu kisimani, nilijisifu kanisani." Akauachia upindo. "Nenda sasa, dada Yusta. Sina maneno mengine, na sitaki nikutafutie."

6

Siku iliyofuata Yusta alibeba sinia mbili bwaloni wakati wa chakula cha mchana. Kwenye moja kulikuwa na vidonge. Kwenye nyingine kulikuwa na vipakiti vya unga wa rangi ya kutu, aliokesha akiupima pamoja na Sista Konsesa. Alipanda juu ya benchi. Hakuwa mzoefu wa kuhutubia na sauti ilimpasuka mwanzoni.

Aliwaambia kuna kitu kwenye vidonge alichokiandika kwamba hakifanyi kitu, na kinafanya. Aliwaambia kinafanya nini. Alimtaja Nashoni kwa jina, kwa ruhusa ya baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Akawaomba watazame mikono yao.

Kulikuwa na mtikisiko wa nguo, watu wakikunja mikono ya mashati. Mama mmoja alimvua mwanawe fulana pale pale mezani, akaanza kuhesabu mbavu zake kwa kidole, akashindwa kuendelea.

"Unga huu hauna gundi," alisema Yusta. "Una vitamini zile zile. Ni mchungu, unaharibika upesi, itabidi mje kuuchukua mara kwa mara. Ukiutumia, njaa itarudi. Sitawadanganya, itarudi vibaya. Kidonge nacho kipo, isipokuwa kwa kinamama wanaonyonyesha na kwa watoto. Mtu mzima anayekitaka nitampa, ila lazima awe na mtu wa kumsimamia anapokula. Mchague."

Gwau alikuwa amesimama karibu na jiko. Angeweza kuwaita walinzi wa ghala. Aliwatazama watu wakitazama mikono yao, akautazama wa kwake, na walinzi hawakuitwa.

Wengi walichukua unga. Na yote aliyoyasema Gwau yakatokea. Ndani ya wiki moja bwalo lilijaa makelele, watu wakagombea ukoko wa sufuria, rafiki wa miaka mingi wakakosana kwa ajili ya kijiko. Watoto walilia mpaka wakakaukiwa. Adria alimpiga mama yake kifuani kwa ngumi akidai chakula, na Yusta alimwacha ampige. Watu fulani walitoboa ukuta wa nyuma wa ghala wakaiba magunia ya uwele, wakautwanga wakaula. Mbegu hizo hazikupatikana tena. Mlinzi mmoja alivunjwa taya.

Kisha watu walikusanyika mbele ya mlango wa ghala, umati mkubwa, na Gwau akasimama mlangoni peke yake akisubiri nondo. Aliyejitokeza mbele ni Filimoni. Hakuwa na kitu mkononi.

"Hatutaki mbegu," alisema. "Tunataka upawa wa zamani. Na mtu wetu ndani ya kamati, wa kuwaambia tukiwa na njaa, ili msingoje uji urudi ndipo mjue."

Nyuma yake watu walipaza sauti. Ilikuwa sauti mbaya, ya vitisho, na kwa muda mambo yangeweza kwenda upande wowote. Gwau aliisikiliza mpaka ikapungua. Hakuna aliyekuwa amempigia kelele tangu gundi ilipoanza, na pengine ndiyo sababu alisikiliza kwa makini hivyo. Siku ile ile upawa wa zamani ulirudi jikoni. Haukumshibisha mtu.

7

Leokadia alikuja zahanati baada ya watu wa foleni kuondoka.

"Nipe cha gundi," alisema.

Yusta alikuwa ameshamwekea kipakiti cha unga. Mkono ulibaki hewani. "Leokadia..."

"Ulisema kila mtu mzima achague."

"Utakonda bila kujua."

"Nina wa kumnyonyesha?" Alinyoosha kiganja. "Njaa ikinishika, nakumbuka kwamba yeye haikumshika. Siiwezi. Nipe."

Yusta alitaka kukataa. Alikuwa na sababu nzuri, tena nyingi, na kila moja ilikuwa inafanana na zile za Gwau. Akaweka kidonge kwenye kiganja kile.

"Nani atakusimamia kula? Filimoni?"

"Filimoni tukikaa meza moja tunatazama ukuta."

"Basi mimi."

Leokadia alifumba kiganja, akaondoka.

Tangu siku ile, kila wakati wa chakula, Yusta alichukua mabakuli mawili akaenda kuketi mkabala naye. Alikuwa na njaa kiasi cha kuona kizunguzungu, lakini hakuanza kula mpaka Leokadia amalize. "Kula," alimwambia, naye alikula. "Bado kidogo." Alimalizia. Hawakuongea jingine. Watu waliwatazama, wengine kwa huruma, wengine kwa chuki, maana wapo waliokuwa wakitema mate Yusta akipita, nao walikuwa na haki yao. Aliuzoea ukimya huo kama alivyoizoea njaa, yaani hakuuzoea.

Siku moja, mwanzoni mwa kiangazi ambacho hakikuwa na joto, Leokadia aliweka kijiko chini bakuli likiwa katikati.

"Ikoje?" aliuliza.

"Nini?"

"Njaa. Wewe unayo sasa hivi. Ikoje? Mimi nimeisahau."

Yusta alifikiri. Alitaka kumpunguzia, akaona hana ruhusa hiyo.

"Inaanzia hapa," alisema, akijigusa chini ya mbavu. "Inavuta. Kama kuna mtu ndani anayekuita jina lako, na usipoitika anaita kwa nguvu zaidi. Inauma, ila zaidi ya kuuma inadai. Huwezi kufikiri jambo lingine. Ungefanya lolote ili mtu akusikie."

Leokadia alisikiliza hadi mwisho, macho yake juu ya uji.

"Na Nashoni hakuisikia hiyo. Hata kidogo."

"Hapana. Hakuisikia."

"Basi hakuteseka."

"Hakuteseka, Leokadia."

Nyuma yao bwalo lilikuwa linavuma, vijiko vinagonga mabakuli, mtu anamgombeza mwanawe, mwingine anaomba aongezewe akijua hataongezewa.

"Angeteseka kidogo," alisema Leokadia, "ningemsikia."

Akachukua kijiko chake, akala.